Mali Bila Daftari

Mkazi wa Nyakoe akitaka kuuza robo ekari ya shamba lake, hawezi kuliuza gizani. Sheria ya Udhibiti wa Ardhi inamtaka aipate idhini ya bodi. Siku ya kikao mkewe huulizwa kama ameridhia, na watoto wake waliokwisha kukua huulizwa vilevile. Bodi isipotoa idhini mauzo ni batili, hata kama fedha zimekwisha kulipwa na kutumiwa. Ikiwa huo ndio utaratibu wa robo ekari ya mtu mmoja, itawezekanaje jengo la ofisi za serikali, lililojengwa kwa kodi ya wote, liuzwe au likodishwe kwa miaka mingi pasipo mwenye mali kuulizwa?

Ndugu msomaji, unyakuzi wa mali ya umma nchini Kenya haukufanyika kwa sababu ya kukosekana kwa sheria. Sheria ya Ardhi ya Serikali, Sura 280, iliagiza viwanja vya mijini viuzwe kwa mnada. Lakini kifungu hicho hicho kilimwachia Rais mwanya wa kuagiza vinginevyo. Mwanya huo ukawa mlango mkuu. Mnada ukawa jambo la nadra, na upendeleo ukawa ndio utaratibu. Tume iliyoongozwa na wakili Paul Ndung'u, iliyoteuliwa mwaka 2003 na taarifa yake kuchapishwa mwaka 2004, ilionyesha matokeo: misitu, hifadhi za barabara, nyumba za serikali na viwanja vya taasisi viligawiwa vigogo na marafiki zao. Viwanja vingine viliuziwa mashirika ya umma, ikiwemo Hazina ya Taifa ya Hifadhi ya Jamii. Hivyo mfanyakazi alinyang'anywa mara mbili: kwanza ardhi yake, kisha akiba yake ya uzeeni.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni jumba la mikutano la KICC jijini Nairobi. Lilikamilishwa mwaka 1973, likajengwa kwa fedha za umma, lakini chama cha KANU kikalishika kama mali yake mpaka serikali mpya ilipolitwaa Februari 2003. Chama na serikali vinapokuwa kitu kimoja, hakuna anayethubutu kuuliza mpaka uko wapi kati ya mfuko wa chama na hazina ya taifa. Ndiyo maana madai ya vyama vingi hayakuwa madai ya kura peke yake. Yalikuwa pia madai ya kujua kilicho chetu.

Hata hivyo, tusijidanganye kwamba vyama vingi vimetosha. Mwaka 2023, jumba hilo hilo liliwekwa kwenye orodha ya mali zitakazobinafsishwa. Mahakama Kuu iliuzima mpango huo Septemba 2024. Ilisema kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo katika kutungwa kwa Sheria ya Ubinafsishaji ya 2023, na kwamba jumba hilo ni turathi ya taifa inayolindwa na sheria. Miaka ishirini na moja ilikuwa imepita, na serikali iliyokuwapo ilikuwa nyingine. Adui wetu, basi, si chama fulani. Adui ni siri.

Kanuni za leo ni bora kuliko za jana. Ibara ya 62 ya Katiba ya 2010 inakataza ardhi ya umma kutolewa ila kwa mujibu wa sheria ya Bunge. Sheria ya Ardhi ya 2012 inataka ilani kwa wananchi siku 30 kabla ya ardhi ya umma kutolewa. Sheria ya Ununuzi na Uuzaji wa Mali ya Umma ya 2015 inahesabu majengo kuwa mali ya umma, inataka pawepo kamati ya uuzaji, inataja zabuni na mnada wa hadhara miongoni mwa njia za kuuza, na inazuia taasisi kuwauzia watumishi wake ila pale kanuni zinaporuhusu waziwazi.

Sisemi kwamba serikali isiuze kamwe. Lipo jengo lisilotumika ambalo kuliuza ni busara kuliko kulilipia mlinzi. Lakini tuzikague njia za panya. Ya kwanza ni kuliacha jengo livuje na kuoza, kisha litangazwe kuwa halina faida. Ya pili ni ukodishaji: mkataba wa miaka 99 kwa kodi ndogo ni mauzo yaliyovaa kanzu nyingine. Ya tatu ni kuwapa "kundi maalumu" kile ambacho wote walistahili kukishindania.

Wakristo wanajua habari za shamba la Nabothi katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme. Barua zilikuwa na muhuri wa mfalme, wazee wa mji walikutana, mashahidi wawili walisimama. Karatasi zilikamilika, kilichokosekana ni haki. Mahakama ya Juu ya Kenya ilifuata njia hiyo Aprili 2023 katika kesi ya kiwanja cha Nyali, Mombasa: hati iliyotokana na mgao usiofuata sheria haimlindi hata mnunuzi wa baadaye anayedai kuwa hakujua.

Lakini kesi huchukua miaka, na jengo lililobomolewa halirudishwi na hukumu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa hiyo kila parokia na kila kikundi cha haki, Kisii na Nyamira, kiandike orodha ya majengo ya umma yaliyo katika eneo lake, tangu ofisi ya chifu hadi ofisi zilizoachwa na mabaraza ya zamani. Pakisikika tetesi ya kuuza au kukodisha, waulize kwa maandishi: Je, jengo limo katika daftari la mali? Nani alilithamini, na kwa kiasi gani? Ilani ilitangazwa wapi? Mnunuzi ni nani hasa nyuma ya jina la kampuni? Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inampa afisa siku 21 za kujibu. Akikaa kimya, yupo Msuluhishi wa malalamiko ya umma. Na Ibara ya 258 inamruhusu raia yeyote kwenda mahakamani kwa ajili ya wengine.

Mke wa mkulima huulizwa kabla ya robo ekari kuuzwa. Nasi tusingoje kuulizwa. Tuulize sisi kwanza, siku 30 zikiwa bado hazijaisha.