Udaktari wa Kuendesha Vyuo

Katika visiwa vyetu neno chuo ni la zamani kuliko ofisi yoyote ya Serikali. Mtoto wa Makunduchi au wa Wete aliyepelekwa chuoni alikwenda na juzuu yake mkononi, akamkuta mwalimu mmoja ambaye ndiye msomeshaji, ndiye mpokea ada, ndiye mshika bakora, na ndiye mwenye kutoa ruhusa ya kurudi nyumbani. Utawala wote wa chuo ulienea juu ya mkeka mmoja. Aandikaye maneno haya naye alianzia hapo.

Chuo kikuu hakienei juu ya mkeka mmoja. Kina Baraza na Seneti, kina mrajisi na mhasibu, kina dakhalia na maktaba, na kina mitihani ambayo karatasi moja ikivuja heshima ya vyeti vyote hutiliwa shaka. Hata hivyo, wanaposikia kwamba fulani ameomba ruhusa ya kwenda kusomea shahada ya uzamivu katika uendeshaji wa elimu ya juu, wako wanaocheka. Husema: udaktari wa kukaa ofisini? Kicheko hicho si cha haki, ingawa hakikosi sababu, nasi tutaitaja.

Mapinduzi ya 1964 yalitukuta hatuna chuo kikuu hata kimoja. Elimu bila malipo ilitangazwa Septemba 23 ya mwaka huo, na aliyefika juu ilimbidi avuke bahari. Ilikuwa mwaka 1998 vilipoanzishwa Chuo Kikuu cha Zanzibar kule Tunguu na chuo cha elimu cha Chukwani. Na mwaka 1999 Baraza la Wawakilishi likapitisha sheria ya Chuo Kikuu cha Taifa, SUZA. Baadaye chuo cha afya cha Mbweni, cha fedha cha Chwaka na cha utalii cha Maruhubi viliunganishwa na SUZA, kila kimoja na mila zake. Mwaka 2023 likafunguliwa Bweleo tawi la chuo cha teknolojia cha Madras, la kwanza la vyuo vya jina hilo kuwekwa nje ya India. Yote haya yamefanyika katika muda usiofika miaka thelathini.

Nani anayaendesha? Aghalabu ni msomi wa fani nyingine. Mwanakemia hodari hufanywa mkuu wa kitivo, na kesho yake huletewa bajeti, malalamiko ya kupandishwa vyeo na barua ya mwanasheria. Hakuna aliyemfundisha lolote katika hayo. Hujifunza kwa kukosea, na gharama ya makosa hulipwa na mwanafunzi aliyecheleweshewa matokeo yake. Shahada inayochekwa ndiyo inayosomesha mambo hayo: fedha za vyuo, sheria zake, udahili, ithibati, na namna ya kuuliza suali la utafiti na kulijibu kwa ushahidi.

Wenzetu wenyewe wamebishana juu yake. Chuo Kikuu cha Harvard, kule Marekani, kilipofungua skuli yake ya elimu mwaka 1920 kilianzisha udaktari wa elimu, mbali na ule wa falsafa, ukikusudiwa khasa watu walio kazini. Mwaka 2012 chuo hicho hicho kilitangaza kwamba kinauacha na kurudia ule wa falsafa. Vyuo vingine vingi huko vimeushikilia. Ubishi wao una maana kwetu: je, msomi huyu anatakiwa aongeze elimu ya dunia, au atatue tatizo la ofisi yake? Sisi tunaona kwamba kwa nchi ndogo yenye maofisa wachache, la pili litangulie.

Na matatizo tunayo, tena ya kwetu wenyewe. Chukueni moja tu. Elimu ya msingi na ya sekondari ni mambo ya Zanzibar, lakini elimu ya juu imo katika orodha ya mambo ya Muungano. Kwa hiyo SUZA imeundwa kwa sheria ya Baraza la Wawakilishi, Mkuu wake ni Rais wa Zanzibar, ilhali ithibati ya masomo yake hutoka kwa Tume ya Vyuo Vikuu iliyoundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 2005. Mrajisi wetu hutumikia sheria mbili kwa kalamu moja. Na pale Bweleo imeongezeka ya tatu, maana shahada inayotolewa ni ya chuo cha India. Hiyo ni tasnifu nzima, na hakuna mgeni atakayetuandikia vizuri zaidi kuliko mtu aliyeshika majalada yenyewe.

Sasa tuseme sababu ya kicheko. Tunamjua ofisa mmoja aliyekaa ng'ambo zaidi ya miaka minne kwa ruhusa ya masomo yenye mshahara. Aliandika juu ya vyuo vya nchi aliyokuwamo, kwa kuwa msimamizi wake alivijua hivyo. Aliporudi alikuta meza yake ina mtu. Akapelekwa idara isiyohusika na elimu hata kidogo, akaongezewa jina la Daktari mlangoni. Nakala ya tasnifu yake aliyoileta tuliiona haijafunguliwa. Hatumlaumu yeye peke yake. Aliyempa ruhusa hakumuuliza anakwenda kutafuta nini, na aliyempokea hakumuuliza amekuja na nini.

Si lazima kila mtu avuke bahari. Chuo Kikuu Huria, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, kina vituo Unguja na Pemba, na mtu huweza kusoma huku akiwa kazini. Ni njia ndefu na ya kuchosha, kwani usiku ndio huwa darasa, lakini suali halimtoki machoni mwanafunzi.

Maombi ya ruhusa za masomo hupitia mikononi mwa maofisa wasomao ukurasa huu. Tunawaomba mbele ya kila jina waandike mambo mawili: suali analokwenda kulitafutia jawabu, na meza atakayorudishiwa. Na muhtasari wa tasnifu, kwa Kiswahili, ufike kwanza mbele ya Baraza la chuo kinachohusika kabla ya kupelekwa rafuni.