Mashine Ikija Shambani, Jua Haki Yako

Kule Kericho, mtoto wa mchumaji wa majani chai hujua mapema kwamba karo yake imo kikapuni mwa mama. Kilo zikiwa nyingi, shule inalipwa. Zikipungua, anarudishwa nyumbani.

Kwa hivyo mashine za kuchuma chai zilipoongezeka katika mashamba makubwa, zilitikisa nyumba nzima. Mnamo Mei 2023, hasira ilipanda hadi waandamanaji wakateketeza baadhi ya mashine hizo.

Mzazi mwenzangu, hasira hiyo naielewa. Lakini mashine ikiungua, karo bado haijalipwa. Ni heri kujua sheria inasema nini kabla kazi haijaisha.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 haimkatazi mwajiri kuleta mashine. Inamkataza kukufukuza kiholela kwa sababu yake. Nafasi yako ikiondolewa, lazima chama chako cha wafanyakazi na afisa wa leba wapewe notisi mwezi mmoja kabla. Kama huna chama, notisi ya maandishi inakujia wewe mwenyewe na kwa afisa wa leba. Likizo ambayo hukuichukua inalipwa pesa taslimu. Juu ya hayo, unastahili mshahara wa siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka uliokamilisha kazini. Mama aliyechuma chai kwa miaka 12 anadai siku 180. Hizo ni pesa za kumvusha mtoto muhula mmoja au miwili huku akitafuta riziki nyingine.

Wewe ni kibarua? Usikate tamaa. Aliyefanya kazi mfululizo kwa muda usiopungua mwezi mmoja anaweza kutambuliwa na sheria hiyo kama mfanyakazi wa mkataba. Tatizo huwa ni ushahidi. Weka barua ya kazi na kila karatasi ya mshahara mahali pasipovuja. Piga picha kwa simu pia.

Na nyumbani, usijifanye unaenda kazini wakati kazi imekwisha. Watoto huona sufuria ikipungua kabla hujasema neno. Waketishe, uwaambie ukweli kwa kiasi cha umri wao: kazi imebadilika, tunafuata haki yetu, na shule haiachwi.

Akiba haiozi, na karatasi hizo ni akiba.