Kocha Anayefoka ni Mtoro Kazini

Mchambuzi mmoja wa redio, katikati ya tangazo la kubeti na tangazo jingine la kubeti, ametoa hukumu: kocha asiyefoka hana uchungu na timu. Wenzake studioni wakaitikia kama waumini. Wasikilizaji nao wakapiga simu kuongeza mifano, kila mmoja na kocha wake aliyewahi kurusha chupa ya maji, kupiga teke ubao wa matangazo au kumkwida mwamuzi wa akiba. Hakuna hata mmoja aliyeuliza swali la kitoto kabisa: chupa iliporushwa, matokeo yalibadilika?

Basi liulizwe hapa. Agosti 2011, Real Madrid wakiwa wanazama 3-2 Camp Nou katika Super Cup ya Hispania, kocha wao José Mourinho alimnyemelea Tito Vilanova, msaidizi wa Pep Guardiola, akamtia kidole jichoni. Mei 2023 mjini Budapest, Roma walipopoteza fainali ya Europa League kwa penalti mbele ya Sevilla, alimsubiri refa Anthony Taylor kwenye maegesho ya magari, akamporomoshea matusi. Aprili 2025, Fenerbahçe wamekwisha kulala 2-1 nyumbani kwao mbele ya Galatasaray katika Kombe la Uturuki, akambana pua kocha mwenzake, Okan Buruk. Jicho, matusi, pua. Mara zote tatu waliosherehekea ni wengine.

Na kuna hasara isiyotajwa redioni. Kwa vituko vya Budapest, UEFA ilimfungia mechi nne. Roma walimlipa mtu asome mchezo, afanye mabadiliko, amtulize beki mwenye kadi ya njano. Msimu mpya wa Europa League ukaanza yeye hayupo kwenye benchi. Mlinzi wa benki akiacha lindo saa sita usiku kwenda kugombana na jirani, anaitwa mtoro na barua yake inaandikwa asubuhi. Kocha akifanya hivyohivyo anaitwa mpambanaji.

Tangu mwaka 2019 sheria za soka zinamruhusu refa kumwonyesha kocha kadi ya njano na nyekundu kama mchezaji, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema hakujua. Agosti 2022, Thomas Tuchel na Antonio Conte walilambwa nyekundu wote wawili pale Stamford Bridge, ugomvi wenyewe ukiwa wa kupeana mikono. Watu wazima. Kabla msimu haujaisha, Tuchel alikuwa ameshatimuliwa Chelsea na Conte ameshaondoka Tottenham.

Watanzania hawakuhitaji kwenda Ulaya kutafuta ushahidi. Januari 2024, kwenye AFCON ya Ivory Coast, kocha wa Taifa Stars alikuwa Adel Amrouche, mtu ambaye mwaka 2014, akiwa na Harambee Stars ya Kenya, CAF ilimfungia mwaka mzima kwa madai ya kumtemea mate ofisa wa mechi. Safari hii ulimi ndio uliomponza: alidai kwenye televisheni kwamba Morocco ina nguvu CAF hadi kujipangia waamuzi na saa za mechi. Morocco wakaichapa Stars 3-0, CAF ikamfungia kocha mechi nane, TFF ikamsimamisha. Timu ikabaki ugenini, mechi mbili mkononi, mwenye kazi hayupo.

Benchi likachukuliwa na Hemed Suleiman, ambaye kwa utani wa majaliwa jina lake la mpirani ni "Morocco". Stars wakatoka sare ya 1-1 na Zambia kwa bao la Simon Msuva, kisha 0-0 na DR Congo. Pointi zote mbili za Tanzania katika mashindano yale zilipatikana baada ya mkali kuondolewa. Na ni Hemed huyohuyo aliyekuwa kwenye benchi Novemba 2024, Stars ilipoifunga Guinea 1-0 Dar es Salaam na kufuzu AFCON iliyofuata.

Hapo lazima atokee mtu wa kusema, "Mbona Alex Ferguson alifoka?" Ni kweli. Februari 2003 alipiga teke kiatu chumbani kikampasua David Beckham juu ya jicho. Lakini Arsenal walikuwa wameshashinda 2-0, na FA Cup imeshaota mbawa. Kiatu hakikurudisha bao hata moja. Wengine husema makelele huwaamsha wachezaji, kana kwamba watu wanaocheza mbele ya maelfu saa kumi jioni wamelala.

Carlo Ancelotti hajamwamsha mtu kwa matusi. Husimama mikono mfukoni, anatafuna bazoka, nyusi moja juu. Ana mataji matano ya Ligi ya Mabingwa Ulaya kama kocha. Ferguson mawili, Mourinho mawili. Wajumlishe hao wawili, bado hawamfikii.

Uongo huu ungebaki redioni usingekuwa na madhara makubwa. Umeshuka mchangani. Kwenye kiwanja kimoja cha Temeke, mwandishi wa safu hii amemwona winga wa miaka kama kumi akipokea pasi peke yake, goli liko wazi, lakini badala ya kutazama goli akageuka kutazama benchi. Kocha wake alikuwa ameshafoka tangu kipenga cha kwanza. Mtoto akarudisha mpira nyuma kwa kipa, akafokewa pia kwa hilo. Wazazi pembeni wakacheka, mmoja akasifu kwamba mwalimu ana uchungu.

Tiba ipo na haihitaji semina. Machi 2014, kocha Alan Pardew wa Newcastle alimpiga kichwa mchezaji David Meyler wa Hull, timu yake ikiwa inaongoza. Kabla FA haijamfungia mechi saba, klabu yenyewe ilikuwa imeshamtoza pauni 100,000. Klabu za hapa nazo ziandike kwenye mkataba: kocha akifungiwa kwa utovu wa nidhamu, mechi hizo halipwi. Wakala wake atalalamika. Na alalamike.