Kibaya Chajitembeza

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sijaona methali inayowafaa zaidi wale wachuuzi wanaozunguka kwenye steji wakiuza vidude vya kupunguza petroli. Kimoja ni sumaku ya kufungwa kwenye mpira wa mafuta. Kingine ni tembe ya kutiwa ndani ya tangi. Cha tatu huchomekwa chini ya usukani, nacho huwakawaka vitaa tu. Eti gari litakunywa robo pungufu!

Mimi nasema huo ni wizi wa mchana, na sababu ninazo tatu.

Kwanza, injini isiyo na ubovu tayari huchoma karibu petroli yote inayoingia. Hasara kubwa ni joto: zaidi ya nusu ya nguvu za petroli hupotelea kwenye rejeta na bomba la moshi. Sumaku haiwezi kulirudisha joto hilo. Isitoshe, sumaku huvuta chuma, na petroli si chuma.

Pili, kampuni za magari hushindana vikali kutengeneza gari lisilokunywa sana. Kama sumaku ya shilingi elfu mbili ingeokoa robo ya mafuta, si wangeifunga huko huko kiwandani?

Tatu, vitu hivi vimekwisha pimwa. Shirika la serikali ya Marekani la kulinda mazingira limechunguza zaidi ya 100, wala halikupata hata kimoja kinachopunguza mafuta kwa kiasi cha maana. Vingine vyaweza hata kuharibu injini.

Utaniuliza, mbona dereva fulani anaapa kuwa kimemsaidia? Ni kwa sababu akishakinunua huanza kuendesha taratibu, jicho kwenye geji. Kilichopunguza mafuta ni mguu wake! Mjomba wangu, dereva wa teksi, alinunua kimoja kwa shilingi 2,500. Wiki ya kwanza alitabasamu. Mwisho wa mwezi akajumlisha risiti, akakuta hesabu ni ile ile. Pesa hizo zilikuwa za karo, na binamu yangu alikaa nyumbani siku nne.

Hilo ndilo linalonichoma. Bei mpya za mafuta hutangazwa kila tarehe 14 ya mwezi, na watu wa matatu na bodaboda husikiliza roho mkononi. Mchuuzi anaijua hofu hiyo, ndiyo anayoiuza.

Anayetaka kujua ukweli ajaze tangi pomoni, aandike kilomita, atembee, ajaze tena, kisha agawanye kilomita kwa lita. Afanye hivyo wiki kadhaa bila kidude na wiki kadhaa nacho, njia ile ile, mwendo ule ule. Mchuuzi akikataa kungoja, aende zake. Wakati huo, angalia upepo wa magurudumu, shusha mizigo usiyoihitaji na upunguze kasi. Hayo hayana mchuuzi kwa sababu hayana faida kwake.

Wanachama wenzangu, mzazi akija nyumbani na kidude hiki, tumwulize kwa adabu: kilipimwa wapi, na nani?

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu