Mashairi ya Meru na Embu yanapotelea wapi?

Ndugu msomaji, sisi watu wa Pwani tuna kiburi kimoja ambacho hatukioni mpaka tutoke kwetu. Tukisikia neno shairi twadhani tumeitwa sisi. Meru na Embu twazijua kwa miraa na muguka tu. Mwaka 2024 kaunti za Mombasa na Kilifi zilipopiga marufuku muguka, Mahakama Kuu ya Embu ilisimamisha katazo hilo, na magari yakaendelea kuteremka. Lakini sijapata kuona gari lililoteremka na diwani ya mashairi, wala sijamsikia mtu wa Mvita akiuliza kama ipo.

Nami nilikuwa mmoja wa hao mpaka nilipoalikwa Embu kuamua shindano la kukariri mashairi la wanafunzi wa sekondari. Walikuja wa Embu yenyewe na Mbeere, wa Chuka, wa Tharaka, na wengine kutoka mbali hadi Maua. Nilipanda basi la usiku Mombasa, nikabadilisha gari Nairobi, na adhuhuri nikawa nimeketi mbele ya jukwaa, kalamu mkononi, pamoja na walimu wawili wa Kiswahili. Tukapewa karatasi ya alama. Matamshi 20, ishara za mwili 20, mavazi 10, umbo la shairi 30, maudhui 20. Mavazi! Nikajiuliza Muyaka bin Haji angepata ngapi.

Watoto wa huko hawaghani kama sisi. Hawana yale mahadhi ya kuvuta sauti tuliyoyazoea barazani. Wao hupiga mguu, mmoja huanza na kundi zima hudakia, na mtu aliyewahi kusikia ngoma za Wachuka huitambua ngoma ile ndani ya maneno. Mengine yalikuwa kelele tupu, sitaki kudanganya. Kuna shairi moja juu ya uchaguzi ambalo nusu yake ilikuwa ni kunyoosha vidole. Lakini mengi yalikuwa na uhai, na kilichonishangaza zaidi ni kwamba wengi walikariri tungo zao wenyewe au za walimu wao, si za vitabuni.

Kisha akapanda msichana mmoja wa Tharaka, sare ya shule ndiyo vazi lake lote. Tharaka ni upande mkavu, chini ya mlima, na maji hufuatwa mbali. Shairi lake lilikuwa juu ya mtungi wa plastiki wa lita 20, ule unaobebwa mgongoni kwa kamba ipitayo kichwani. Halikuwa na vina wala mizani. Niliandika mistari yake mitatu nyuma ya karatasi yangu:

Mtungi umejaa,
Mgongo wangu umejaa,
Darasa limejaa wenzangu.

Ukumbi ulinyamaza kimya. Nami, ndugu msomaji, nikampa alama 6 katika zile 30 za umbo. Mavazi nikampa 2.

Nieleze kwa nini. Mimi nimesomea chuoni, kitako jamvini, na sikio langu lilifunzwa kina kabla mkono haujajua kushika kalamu. Nyumbani mama akisoma tenzi, na mtoto aliyekosea mizani alijua amekosea kwa jinsi watu wazima walivyotazamana. Kwangu mimi shairi lisilo na kina lilikuwa kama jahazi lisilo na tanga. Sikumwonea binti yule kwa makusudi. Nilimpima kwa pishi niliyokuja nayo.

Jioni, katika hoteli ya chai karibu na stendi, mzee mmoja aliyekuwa mwalimu, mtu wa Tigania, alivuta kiti akaketi mkabala nami.

"Sheikh, leo umetupunja," akasema.

"Mwalimu, shairi bila vina ni shairi gani?"

"Nyimbo zetu za jando hazina vina vyenu, na hakuna aliyewahi kuzikataa. Sasa wewe umetoka Mombasa kuja kutuambia sisi wageni. Wageni wa nani, na sisi tulitoka huko huko?"

Akanisimulia habari za Mbwaa. Wazee wa Meru husema kwamba babu zao waliishi Mbwaa, kando ya maji makubwa, wakitumikishwa na watu walioitwa Nguo Ntuni, yaani nguo nyekundu. Wakatoroka usiku, maji yakawapisha. Waliovuka gizani wakaitwa Njiru, weusi. Waliovuka alfajiri wakaitwa Ntune, wekundu, na waliovuka kumekucha wakaitwa Njeru, weupe. Mmarekani Jeffrey Fadiman, aliyekusanya masimulizi ya wazee hao, alishikilia kwamba Mbwaa ni kisiwa cha Manda. Wapo wanahistoria wanaobisha, na mimi si mwanahistoria. Lakini mama yangu ni wa Lamu, na kutoka gatini kwao Manda iko ng'ambo ya mkondo tu, ndipo ndege za Lamu zinapotua. Nilinyamaza na kikombe changu. Hata neno nguo sikuhitaji kutafsiriwa.

Ama kweli, hoja ya mzee ilikuwa imetangulia kujibiwa na vitabu, ila sisi hatukutaka kuvisoma. Ule ugomvi wa mashairi huru ulioanza miaka ya 1970, Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, Pwani tuliuona kuwa ni ubishi wa wasomi wa vyuo vikuu. Kisha mwaka 1997 Kithaka wa Mberia, mzaliwa wa Tharaka, akatoa Mchezo wa Karata, diwani nzima ya mashairi huru, na baadaye Bara Jingine mwaka 2001. Nakumbuka tulivyocheka barazani. Tukasema hizo ni insha zilizokatwakatwa. Tukasahau kwamba Alamin Mazrui, mtoto wa Mombasa, alikwisha kuandika mashairi huru katika Chembe cha Moyo mwaka 1988, kwa hiyo upepo ule haukuvuma kutoka bara peke yake. Tukasahau pia kwamba tamthilia ya Kithaka, Kifo Kisimani, ilitahiniwa katika shule za sekondari za Kenya nzima. Watoto wetu wa Kisauni na Likoni walisoma Kiswahili cha mtu wa Tharaka, wakafaulu.

Sikubali kila kitu. Mtu akitangaza kwamba anatunga tarbia kisha mizani ikampungukia, hilo ni guni, awe wa Meru au wa Pate. Na hao wanaodhani kuandika huru ni kuandika ovyo, wamsome Kithaka waone jinsi anavyolipanga neno. Binti yule hakutangaza tarbia. Umejaa, umejaa, limejaa: mwenye masikio angesikia kwamba ule urejeo ndio uliobeba mzigo wote wa shairi. Mimi nilikuwa nahesabu silabi.

Nilirudi Mombasa nikiwa na haya kidogo, nikaamua kulitafuta shairi zima ili nilitume gazetini. Nikampigia simu mwalimu aliyewaleta wanafunzi wale. Alikwisha hamishwa. Shule ikaniambia tungo za shindano zilikuwa katika daftari moja, na daftari hilo lilitupwa na makaratasi mengine stoo ilipofagiliwa. Msichana mwenyewe alikuwa amemaliza Kidato cha Nne, na hapana aliyejua alikoelekea.

Hapo ndipo penye msiba, na si kwenye kina. Tamasha la muziki la Kenya lilianza mwaka 1927, na lile la drama mwaka 1959. Kila mwaka watoto hukariri, washindi hupanda hadi taifani, vikombe huwekwa kabatini mwa mwalimu mkuu, na maneno yenyewe hupeperuka. Tujiulize twamjuaje Muyaka, aliyefariki karibu na mwaka 1840. Twamjua kwa sababu Mwalimu Sikujua bin Abdallah alizikusanya tungo zake Mombasa kutoka vinywani mwa watu, akimsaidia mmisionari William Taylor, na hatimaye William Hichens akazichapisha mwaka 1940. Bila ya kalamu ile, Muyaka naye angekuwa daftari lililotupwa.

Meru na Embu hazijakosa watu wa kazi hiyo. Profesa Ciarunji Chesaina alitoa mwaka 1997 kitabu cha Kiingereza juu ya fasihi simulizi ya Waembu na Wambeere. Vyuo vikuu viko Embu, Chuka na Meru. Redio za Kimeru na Kiembu zinasikika mpaka mashambani. Na katiba ya 2010 imezikabidhi kaunti utamaduni, makumbusho na maktaba. Tazama lakini Jedwali la Nne lilivyoandikwa: maktaba zimo katika fungu moja na kamari na leseni za pombe. Yamkini ndiyo sababu ofisi nyingi husoma fungu hilo mpaka kwenye leseni, zikaishia hapo.

Basi naziomba serikali za Meru, Tharaka-Nithi na Embu jambo dogo. Kila shindano likiisha, tungo zote zikusanywe, za walioshinda na za walioshindwa, zipigwe chapa katika kijitabu cha bei nafuu, nakala ziwekwe katika maktaba za Embu na Meru. Na usiku wa mashindano usiwe wa kugawa vikombe tu. Watoto wasome tungo zao wenyewe bila karatasi ya alama mbele yao, na wazee waulize maswali, kama tufanyavyo barazani. Gharama yake haifiki bei ya hema moja la sherehe za serikali. Nasi wa Pwani tukialikwa, twende kusikiliza kwanza.

Karatasi yangu ya alama ninayo bado, ndani ya msahafu wa mama. Nyuma yake kuna mistari mitatu. Mbele kuna jumla, kwa mkono wangu, kwa wino mwekundu: 41.