HABARI ZA NCHI ZA MBALI: Japani na Mlango Wake

Mwezi huu na tuitazame Japani, nchi ya visiwa iliyo mashariki ya bara la Asia. Visiwa vyake ni vingi sana, lakini vilivyo vikubwa ni vinne. Bahari ndiyo boma lake, na mwenye kuisoma habari yake ataona jinsi mlango wa boma hilo ulivyokuwa wazi, ukafungwa, kisha ukafunguliwa tena.

Hapo kale kilimo cha mpunga kilitoka bara, herufi za kuandikia zikatoka China, na dini ya Budha ikaletwa kutoka Korea katika karne ya sita. Mwaka 794 Kaisari alihamia Kyoto, nao ukawa mji wa makaisari zaidi ya miaka 1,000. Lakini tangu mwaka 1192 aliyekuwa na nguvu ni jemadari mkuu, aitwaye shogun, naye Kaisari akabaki na heshima tu. Mara mbili, mwaka 1274 na 1281, Wamongoli walikuja na merikebu nyingi kuitwaa nchi, wasiweze. Dhoruba ikawavunjia vyombo vyao.

Mwaka 1543 wakafika Wareno, wakileta bunduki. Miaka sita baadaye akaja padre Francis Xavier, yule yule aliyepita Malindi mwaka 1542 alipokuwa akienda Bara Hindi. Watu wengi wakabatizwa, hasa katika kisiwa cha Kyushu. Wakuu wakaingiwa na hofu, wakidhani ya kuwa nyuma ya mapadre watakuja askari wa mfalme mgeni. Mwaka 1597 Wakristo 26 walisulibiwa Nagasaki, na mwaka 1614 dini yao ikakatazwa katika nchi yote. Ndipo mlango ulipofungwa. Mjapani aliyekwenda ng'ambo akirudi, huuawa. Mwaka 1639 Wareno wakafukuzwa. Katika Wazungu wakabakizwa Waholanzi tu, nao wakawekwa Dejima, kisiwa kidogo bandarini Nagasaki.

Kila mwaka watu wa Nagasaki waliamriwa kukanyaga sanamu ya Yesu au ya Mariamu, ili ajulikane aliye Mkristo. Wengi walikanyaga kwa hofu, kisha wakarudi nyumbani wakatubu. Hawakuwa na padre wala kanisa. Wazazi waliwafundisha watoto sala kwa kunong'ona, wazee waliochaguliwa wakabatiza, na sanamu ya Mariamu ikafanywa kwa mfano wa Kannon, anayeheshimiwa na Wabudha, isije ikatambulikana. Hivyo wakaishi zaidi ya miaka 200.

Mwaka 1853 Wamarekani walikuja na manowari, wakidai mlango ufunguliwe. Wageni wakaanza kukaa tena bandarini, na mapadre Wafaransa wakajenga kanisa Nagasaki kwa ajili yao. Siku moja ya mwaka 1865 watu wa kijiji cha Urakami waliingia humo, na mwanamke mmoja akamwambia padre kwa siri ya kwamba moyo wao na moyo wake ni mmoja. Lakini katazo lilikuwa halijaondolewa. Watu zaidi ya 3,000 wa Urakami wakahamishwa, wengi wakafia huko. Hata mwaka 1873 wakaruhusiwa kurudi.

Shogun alikuwa amekwisha kuondolewa. Tangu mwaka 1868 serikali mpya, kwa jina la Kaisari Meiji, ilijenga reli, shule, viwanda na jeshi. Nguvu zikazaa tamaa: Korea ikatwaliwa mwaka 1910, China ikashambuliwa mwaka 1937, Marekani mwaka 1941. Askari wa Afrika Mashariki nao walipigana na Wajapani huko Burma. Tarehe 9 Agosti 1945 bomu la atomiki lililipuka juu ya Urakami hiyo hiyo. Kanisa lake kubwa likabomoka, na maelfu ya Wakristo wakafa. Katiba ya mwaka 1947 ikaikataa vita, ikampa kila mtu uhuru wa dini yake.

Enyi wazazi, wakuu wale walizifunga bandari, lakini hawakuweza kuufunga mdomo wa mama amfundishaye mtoto wake usiku. Je, mwalimu na kitabu wakiondolewa kesho, mtoto wako atabaki na maneno gani aliyoyasikia kwako?