Mkanda ao gia: tusiangalie bei peke yake



Swali moja tunalikuta karibu kila pahali tunapopita: mashine ya kukata majani nyuma ya trakta, tununue ya mkanda ao ya gia? Wengi wanaangalia bei tu. Ya mkanda mara nyingi iko chini, basi mazungumzo yanaishia hapo. Sisi hatukubali hesabu ya namna hiyo.

Mkanda munaujua tayari, ni ndugu ya ule unaozungusha mashine ya kusaga unga kijijini. Kisu kikigonga jiwe, mkanda unateleza kidogo na mashine inapona. Ukikatika, kijana mwenye funguo mbili anaweka mwingine bila kuita fundi wa mjini. Hiyo ni faida kubwa. Lakini tuangalie shamba lenyewe. Kwenye majani mafupi ya ng'ombe, mkanda unafanya kazi vizuri. Kwenye matete ya shamba lililolala miaka miwili, tena na umande wa asubuhi, unateleza, unapata moto, unanuka mpira. Na wa kuubadilisha mutautoa wapi? Kipimo kimeandikwa mgongoni mwake. Mukiandike kwenye daftari kabla hakijafutika. Mkanda wa B (upana 17 mm) hauwekwi pahali pa A (13 mm), hata muuzaji akisema "itaingia tu".

Ndiyo sababu kwa mashamba ya visiki na matete sisi tunapenda gia. Nguvu ya trakta, mara nyingi mizunguko 540 kwa dakika, inapita kwenye kardani mpaka ndani ya sanduku la gia, hakuna kuteleza. Ila gia haina huruma. Kwa mashine nyingi kinachoilinda ni buloni moja ndogo, iliyotengenezwa ikatike yenyewe kisu kikigonga kisiki.

Hapo ndipo tunakasirika. Tuliona koperative moja ambako dereva alichoka kubadilisha buloni, akatia kipande cha chuma cha betoni. Siku tatu, hakuna shida. Siku ya ine meno ya gia yakavunjika, na mashine ikalala chini ya mti musimu muzima, sababu franga za sanduku jipya hazikuwako. Watu wote walimulaumu dereva. Lakini nani alikataa kununua buloni za akiba? Ni komite.

Kwa hiyo kabla ya kutia sahihi, komite imuulize muuzaji: buloni ngapi ziko ndani ya bei? Mafuta ya gia ni ya namna gani? Mipira ya kuzuia mafuta yasivuje inapatikana wapi? Akishindwa kujibu, afazali mkanda, na mikanda miwili ya akiba juu yake.

Tena jambo moja, iwe mkanda, iwe gia: visu vinaendelea kuzunguka hata nguvu ikishakatwa. Zima moto, toa ufunguo, ngoja visimame kabisa, ndipo uiname kuangalia chini.